Aliyekuwa Mbele Siku Zote

Ha Mokebe, 12 Mei 2019

Ntate Mwalimu Letsika,

Khotso, baba, amani iwe nawe. Ni mimi Puseletso, binti Mokoatsi, uliyenifundisha kusoma, ingawa tangu niolewe watu wananiita 'Mathakane. Ningekupigia simu, lakini binti yako aliniambia wakati wa Pasaka kwamba masikio yako hayaisikii simu tena, ila barua unaisoma bila miwani. Mimi nina miwani na bado mistari yangu inapanda mlima, kama unavyoona.

Nina shida ya mwili. Nesi wa zahanati amenipima sukari, akanionyesha kile kidude chake: kumi na tano. Akasema, "'M'e, mama yangu, mwezi wa tisa nataka niione chini ya nane. La sivyo mguu wako utaufuata wa 'Mapaseka." 'Mapaseka ni jirani yangu. Mguu wake wa kushoto ulikatwa mwaka jana kwa ugonjwa huu huu. Dawa nameza, soda nimeacha, uji nakunywa mchachu bila kitu. Kilichobaki ni kutembea kila asubuhi, majira yote ya baridi, bila kuruka siku. Nikamwambia, "Mwanangu, mwezi wa saba hapa hata mbwa hatoki nje kukojoa." Akasema, "Basi mshinde mbwa."

Ndipo nikakukumbuka. Wewe ndiye uliyewakimbiza wavulana wa shule kila asubuhi ya kipupwe mpaka Langoni, pale mlima unapoachana, na kurudi. Sisi wa darasa la kwanza tulikuwa tunakaa ukutani tukiwahesabu wanavyorudi na mvuke puani kama farasi. Kaka yangu Khethisa alikuwa mbele siku zote, mpaka alipotorokea jandoni mlimani na asirudi. Nitengenezee utaratibu kama ule, lakini wa mtu wa miaka sitini na saba mwenye magoti yanayolalamika.

'Mapaseka anakusalimu. Anasema nikishindwa kutembea tutanunua jozi moja ya viatu tugawane.

Mwanafunzi wako,
'Mathakane

*

Maseru, 24 Mei 2019

Mwanangu Puseletso,

Barua yako imenikuta kitandani, ndipo ninapoishi siku hizi. Moyo wangu umechoka, na daktari ameacha kunificha. Nina miaka themanini na mbili, kwa hiyo usinionee huruma. Nifurahishe kwa kutembea.

Usitoke kabla jua halijagusa bati la paa lako. Vaa soksi mbili. Ukirudi, zitazame nyayo zako kwa kioo, kwa sababu mguu wenye kisukari unaumia bila kusema. Wiki ya kwanza nenda kisimani na kurudi. Wiki ya pili nenda mpaka dukani. Baada ya hapo ongeza hatua mia mbili kila wiki. Hesabu hatua, uziandike kwenye daftari siku hiyo hiyo. Siku ambayo hukutembea, andika sifuri. Usiache nafasi wazi. Nafasi iliyoachwa wazi ni rahisi kuijaza uongo baadaye.

Jambo moja zaidi. Usipite njia ya zamani ya shule, ile ya kupandia Langoni. Ina mawe mengi. Nenda upande wa mto.

Niandikie hesabu zako kila unapoweza.

Mwalimu wako,
Mothusi Letsika

*

Ha Mokebe, 16 Juni 2019

Ntate Mwalimu,

Leo nimefikisha siku ya kumi na tisa, na sifuri ni moja tu. Siku hiyo theluji ilifika magotini, hata mlango haukufunguka. Jana ni hatua elfu mbili na mia moja.

Kijiji kizima kimepata mchezo wa kutazama. 'Mapaseka anakaa ukutani na magongo yake, amejifunika blanketi mpaka puani, ananitangaza. "Anakuja, anakuja, farasi wa chifu. Nyanyua miguu, dada, huo mmoja ni wangu nimekuazima." Wanawake wa kisimani wananiuliza kama nimepata bwana ng'ambo ya mlima. Nikawaambia ndiyo, anaitwa Sukari, namkimbia.

Sasa nikuungamie. Nilikwenda upande wa mto siku nne. Kule kuna barafu na jua halifiki mpaka saa nne. Nikahamia njia yako ya shule. Mawe si mengi kama ulivyosema, na jua linaiwahi. Napanda mpaka kwenye ule mwamba mkubwa wenye umbo la tandiko, chini ya Langoni, napumzika, nashuka. Ni njia nzuri, Ntate. Kwa nini ulinikataza?

Mtu akitembea peke yake akili nayo inatembea. Nimegundua kwamba sijui Khethisa aliondoka siku gani. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alisema mwanamke haulizi habari za jandoni, na aliyefia kule haliliwi. Basi sikuuliza, sikulia. Sasa nahesabu kila kitu, na siku hiyo tu ndiyo sina. Wewe uliyekuwa na daftari la mbio, unaikumbuka?

'Mathakane

*

Maseru, 28 Juni 2019

Mwanangu,

Hesabu zako ni nzuri. Usiongeze hatua mpaka Agosti.

Kuhusu swali lako: ilikuwa majira ya baridi. Wavulana wengi waliondoka mwaka ule. Ni zamani.

Nakuomba tena urudi upande wa mto. Subiri saa nne jua lifike. Nina sababu zangu na sina pumzi ya kuziandika.

M. Letsika

*

Ha Mokebe, 12 Julai 2019

Ntate Mwalimu,

Nakuandikia kabla sijawasha moto.

Unamkumbuka mzee Sekhobe. Ndiye aliyeongoza jando mlimani mwaka ule. Sasa anakaribia tisini, na asubuhi anaota jua kwenye njia yangu. Jumatatu tuliongozana. Nikamwambia, "Ntate, kaka yangu alifia mikononi mwako, nami sijui hata siku." Akasimama.

"Wewe ni mwanamke. Hayo si yako."

"Najua. Basi usiniambie mimi. Iambie fimbo yako. Mimi ni mpita njia."

Alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Akaiinua fimbo mbele ya uso wake, akaiambia: "Fimbo, nilikuwa na wavulana kumi na watatu. Kila mmoja nilimlisha kwa mkono wangu, na wote kumi na watatu walishuka hai. Mtoto wa Mokoatsi hakuwamo. Niliposikia baba yake amepokea blanketi la mwanawe, kama wapokeavyo waliofiwa, nikadhani amefia kwa wale wa ng'ambo ya mto. Sikuuliza. Mtu haulizi jando la mwenzake."

Nikamuuliza wa ng'ambo ya mto ni nani. Akaiambia fimbo: "Nilikuja kukutana nao baada ya miaka mingi. Nao walidhani amefia kwangu."

Ntate Mwalimu, blanketi lile lililetwa na wewe. Nilikuwa nyuma ya baba nimeshika sufuria. Nilikuona. Miaka hamsini na minane nimedhani walikutuma watu wa jando kwa sababu ulikuwa mtu wa heshima. Nani alikutuma?

Tangu Jumatatu daftari langu lina sifuri nne. Natoka mpaka mlangoni, miguu inakataa. 'Mapaseka ananitukana, ananibembeleza, ananitukana tena. Nesi amesikia, ametuma salamu kwamba mwezi wa tisa hausogezwi. Siwezi kutembea mpaka nijue natembea juu ya nini.

'Mathakane

*

Maseru, 23 Julai 2019

Puseletso,

Nimeandika barua hii kwa siku sita, mistari michache kila siku. Binti yangu anadhani naandika wosia.

Khethisa hakwenda jandoni. Alikufa katika mbio zangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni na kitabu cha mazoezi ya viungo, na mkaguzi alikuwa anakuja mwezi wa nane. Nilitaka akute shule ambayo wavulana wake wamekimbia kipupwe chote bila kukosa hata siku moja. Niliweka sheria kwamba hakuna blanketi katika mbio. Niliamini blanketi ndilo linalotufanya watu wa kujikunyata. Mimi mwenyewe nilikuwa na koti la sufu.

Siku unayoitafuta ni Jumanne, tarehe kumi na nane Julai, 1961. Theluji ilikuwa imelala. Khethisa alikuja amejifunika blanketi, macho mekundu. Akasema, "Tichere, leo mwili unawaka. Niache nalo." Wenzake walikuwa wanatazama. Nikamwambia, "Wewe ndiye wa mbele. Ukivaa wewe, kesho watavaa wote." Nikalivuta mabegani mwake nikalifungia kabatini. Hakubisha. Alikimbia.

Ukungu ulishuka. Wavulana wakarudi mmoja mmoja, na Khethisa hakuwemo, wala hakuna aliyeshtuka. Angekuwa mvulana mwingine yeyote tungesema amebaki nyuma, tungerudi kumtafuta. Lakini Khethisa hakuwahi kubaki nyuma. Asipoonekana, basi yuko mbele. Kila mmoja alidhani ameshafika, ameshapita, yuko nyumbani anaota moto. Katika daftari la mbio niliandika jina lake likiwa la kwanza kama kila siku, na mbele yake nikaweka alama ya kufika.

Wiki ile wavulana wanne walikuwa wametorokea jandoni. Jioni baba yako alipouliza, wenzake walimjibu kwamba amewafuata. Alifurahi, nadhani. Alikuwa anangoja siku hiyo.

Asubuhi yake nilipanda peke yangu, nikamkuta chini ya ule mwamba wa tandiko. Alikuwa amekaa, magoti kifuani, kama mtu anayesubiri kuitwa. Nilimfunika kwa mawe ili ndege wasimguse wakati nakwenda kuita watu. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu, naapa. Nikachukua blanketi kabatini nikaenda kwenu.

Nilisimama mlangoni nimelishika kwa mikono miwili, na neno la kwanza halikutoka. Unajua kijijini kwetu habari ya aliyefia jandoni ilivyokuwa inaletwa: mtu mmoja, kitu cha marehemu, bila maneno. Baba yako alilitazama blanketi, akanitazama mimi. Akasema, "Usiseme, Tichere. Nimeelewa." Akalipokea. Akafunga mlango.

Hakuwa ameelewa. Nilijua hakuelewa. Ningeweza kugonga tena. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, kisha nikaenda zangu, nikapanda tena kuongeza mawe. Mkaguzi alikuja mwezi wa nane, akalisifu daftari. Baada ya miaka sita mimi mwenyewe nikawa mkaguzi.

Tangu Juni umekuwa ukipumzika kando yake. Kila uliponiandikia hesabu zako nilijua ni hatua ya ngapi uliyomkaribia. Ndiyo sababu nilikukataza njia. Nilisema mawe, na mawe ni kweli yapo.

Sina cha kujitetea isipokuwa ukungu. Siku ile hakuna jicho ambalo lingemwona.

Ifanyie barua hii unalotaka. Ila nakuomba utembee.

Mothusi Letsika

*

Ha Mokebe, 20 Agosti 2019

Ntate Letsika,

'Mapaseka alinikuta nimekaa sakafuni na barua yako, akadhani nimepigwa na kiharusi. Alinimwagia maji. Nilimpa akaisoma. Alikaa nami sakafuni, na kwa mguu mmoja kukaa sakafuni si kazi ndogo, akanikausha maji kwa blanketi lake.

Barua nilimpelekea chifu. Chifu aliita polisi na padri. Mawe yaliondolewa na wanaume wanne, na mzee Sekhobe alisimama pembeni na kofia mkononi. Khethisa alikuwa amekaa vile vile ulivyosema. Alikuwa mdogo sana. Nilikuwa nimemkumbuka ni mtu mkubwa.

Tumemzika Jumamosi kando ya baba. Nililia mbele ya watu wote, kwa sauti, nikamwita jina. Wazee walitazamana, kwa sababu walikuwa wamezoea kwamba huyu haliliwi. Sekhobe akawaambia, "Mwacheni. Kijana hakuwahi kuwa wetu. Ni wa kwao."

Sifuri zangu zilifika ishirini na moja. Kisha nikatoka. Sikutoka kwa ajili yako. Nilitembea kwa hasira, nikapanda mpaka Langoni kabisa, ambako hukuwahi kuniruhusu. Jana nesi amenipima: saba nukta sita. Alicheza pale zahanati. Mguu ni wangu. Mipichi imetoa maua.

Sasa nisikilize, kwa maana wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu.

Kipupwe hiki nimepanda njia ile asubuhi nyingi. Ukungu wa mlima wetu naujua kama ninavyojua nguo zangu. Unashuka alfajiri, na jua likigusa paa la shule unaanza kupanda. Hakuna siku hata moja ambayo ukungu ulipita saa tano. Nimemuuliza Sekhobe, anasema tangu azaliwe ni hivyo.

Kutoka ofisi yako ya zamani mpaka ule mwamba ni hatua mia tatu na arobaini. Juzi nilimwacha 'Mapaseka mlangoni pa ofisi hiyo na magongo yake, nikapanda, nikakaa alipokaa Khethisa. Nilikaa muda mrefu. Niliporudi nikamuuliza, "Umeona nini?"

Akasema, "Nimeona kila kitu. Umekuna goti la kulia mara mbili. Halafu ukalia."

Shule yako ilikuwa inafungwa saa nane. Ukungu uliondoka saa tano. Niambie, Ntate, kuanzia saa tano mpaka saa nane ulikuwa wapi, na ulikuwa unatazama nini?

Binti yako ameniandikia kwamba umebakiwa na siku chache. Basi niandikie katika hizo. Ukiniandikia uongo nitajua, maana njia ile naipita kila siku.

Puseletso Mokoatsi

*

Maseru, 29 Agosti 2019

Puseletso,

Kalamu inanishinda, kwa hiyo nitasema machache. Usinitumie msamaha kwa ajili ya kifo changu. Sikuandika ile barua ya Julai ili niupate. Niliiandika ili nifike karibu na hili nililoshindwa kulisema, na nikashindwa tena.

Nilikuwa ofisini. Nilikuwa ninapiga mistari kwenye daftari la mbio kwa wino mwekundu.

Ukungu ulipoondoka nilimwona. Nilimtambua kwa shati. Nilidhani amenuna kwa ajili ya blanketi, amekaa pale makusudi ili nipande kumbembeleza shule nzima ikiona. Nikasema moyoni mwangu, na akae, baridi itamfundisha. Pia nilikuwa nimeshamwekea alama ya kufika. Daftari lile halikuwa na mahali hata pamoja palipofutwa, na sikutaka mkaguzi aone alama ya kufuta.

Darasani watoto walikuwa wameipa mgongo ile milima. Hakuna mwingine aliyemwona. Nilihakikisha.

Saa sita niliangalia tena. Aliinua mkono. Miaka yote hii nimejiambia kwamba alikuwa anajikinga jua.

Niliinuka kitini. Nataka ujue kwamba niliinuka. Nilikwenda mpaka dirishani, naye akaendelea kuuinua ule mkono. Nikafunga dirisha, kwa sababu baridi ilikuwa inaingia.

Mothusi Letsika